Futi Nne

Kamba ilimvuta Athanas kabla hajasikia chochote. Ilikuwa inapanda taratibu na ndoo yake ya udongo, mara ikakaza, ikamburuta mpaka ukingoni mwa shimo na kumchuna viganja vyote viwili kabla hajaiachia. Ndipo akasikia mshindo, mzito na mfupi, kama gunia la mahindi limetupwa sakafuni. Alipochungulia hakuona mtu. Aliona udongo mwekundu uliolowa mvua ya siku nne, nguzo moja imelala mshazari, na mpini wa sururu umechomoza.

"Bujiku! We Bujiku!"

Tumpe haki yake: hakukimbia. Alishuka kwa ngazi ya miti, akaanza kuchimbua kwa mikono huku akipiga kelele mpaka majirani wakaruka ukuta wa tofali uliokuwa haujakamilika. Walichimba karibu saa nzima. Ile nguzo iliyolala mshazari ndiyo iliyomponya Bujiku. Ilimwachia upenyo wa kupumua, kichwa na bega moja. Walipomtoa na kumlaza juu ya bati, alikuwa anaongea, tena kwa adabu zake zilezile.

"Samahanini," alisema. "Miguu yangu mmeiacha huko chini?"

Miguu ilikuwepo, yote miwili, imelala pale mbele ya macho yao. Jirani mmoja alivua shati akaifunika.

Wakati wanasubiri gari, watu walimzunguka Athanas. Huyu alimpa maji, yule alimpiga begani. Mtu wa miaka hamsini na tatu, wakasema, kuingia kwenye shimo linaloporomoka! Kisha mwanamke mmoja akauliza, bila ubaya wowote, fundi yuko wapi, na huyu maskini alikuwa anafanya nini shimoni leo Jumamosi.

"Hata sijui," alisema Athanas. "Mimi nilikuwa ndani. Nimesikia mshindo tu."

Uongo ule ulimtoka kirahisi, kama mtu anayejibu salamu. Akaficha viganja vyake kwenye mifuko ya suruali.

* * *

Eunice alirudi kutoka sokoni akakuta watu wamejaa kwake. Jioni, walipoondoka, alimkalisha mumewe kwenye kiti cha plastiki katika kile chumba kimoja walichokuwa wamekwishakiezeka, akamwosha viganja kwa maji ya chumvi.

"Udongo umekuchuna hivi?"

"Udongo, mawe. Sikuangalia."

Eunice alitazama ile michirizi miwili, iliyonyooka, kila kiganja mmoja. Alifunga kitambaa, kisha akaenda kwenye begi la nyaraka akatoa karatasi.

Karatasi ile Athanas aliiandika mwenyewe, na aliionea fahari. Kwa miaka kumi na moja aliendesha gari la maji kwenye mgodi wa Buzwagi, mpaka mgodi ulipofungwa. Huko kila asubuhi kabla ya kazi walisimama dakika kumi kusomewa habari za usalama: kofia, mkanda, viatu vya chuma, usiingie kwenye handaki lisilo na kinga. Kidole chake kidogo kilipobanwa na mlango wa gari, ofisi ilimjazia fomu, akatibiwa na kulipwa fidia bila kuuliza mtu. Aliona pia jinsi wakandarasi walivyosainishwa makaratasi langoni kabla hata hawajashusha koleo. Basi alipompata fundi Mwita ajenge nyumba yake, naye alichana ukurasa wa daftari kubwa akaandika: shimo la maji taka futi kumi na mbili, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, AJALI YOYOTE YA KIBARUA ITAMHUSU FUNDI. Mwita alicheka, akatia sahihi juu ya tangi la pikipiki yake.

"Afadhali uliandika," alisema Eunice. "Nyumba hii ndiyo jasho letu lote."

"Ndiyo hivyo."

"Lakini, Baba Vumilia, yule Bujiku. Kesho nimpikie uji nipeleke?"

"Usipeleke."

"Uji tu?"

"Ukienda na uji wataona tumekubali kwamba mgonjwa ni wetu. Mwenye mgonjwa ni Mwita."

Eunice akakunja karatasi. Hakuujua ule mkataba wa pili, ambao haukuandikwa popote. Ijumaa, Mwita alipokuwa amekwenda Masumbwe kwenye kazi yake nyingine, Athanas alimwita Bujiku pembeni. Futi kumi na mbili zingejaa upesi, na kila likijaa ni kuita gari la kunyonya maji taka. Aongeze futi nne. Mwita angetaka bei mpya, miti mipya, maneno mengi. Wamalizane wenyewe: elfu kumi na tano kila futi, elfu sitini mkononi, zote, kabla hajashika sururu. Athanas angevuta ndoo mwenyewe.

Bujiku alikuwa amechimba dhahabu kwa miaka ishirini. Alishuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, huko Nyarugusu tangu hajaota ndevu, akaacha kwa sababu ya kifua. Alichimba haraka na kwa unyoofu, na kila alipoteremka alijengea kuta kwa miti, matimba kama wanavyoyaita, hatua kwa hatua. Jumamosi ile, futi mbili zilipokwisha, alipiga kelele kutoka chini.

"Bosi, matimba yameishia huko juu. Hapa udongo una maji. Nipe zile mbao."

Mbao zilikuwa kando ya miguu ya Athanas, nane, mpya, za kufungia lenta Jumatatu.

"Nikizikata hizi, fundi atafungia nini? Zimebaki futi mbili tu, Bujiku. Malizia."

Sururu ikaanza tena.

* * *

Siku ya tatu Mwita alikuja kumchukua Athanas waende hospitali. Ilikuwa lazima kwenda. Mwenye nyumba asiyekwenda kabisa naye husemwa. Mwita alikuwa kijana wa Tarime, mrefu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, lakini siku hiyo aliendesha pikipiki kimya kimya.

Wodini, Sesilia, mke wa Bujiku, alikuwa amekaa kwenye sakafu kando ya kitanda, ameshika bahasha na karatasi ya polisi. Alikuwa ametumwa kituoni mara mbili kwa ajili ya karatasi hiyo, mara ya kwanza akaambiwa mwandishi hayupo. Kanga aliyoivaa ilikuwa na tope la Jumamosi. Alipoinuka kumsalimia Athanas alitanguliza mikono miwili, kwa heshima ya Kisukuma, na Athanas akajikuta amempa yake.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayo. Pole sana."

Sesilia aliviangalia vitambaa, kisha michirizi iliyochungulia pembeni. Alikuwa amekaa machimboni miaka kumi na miwili, akipika na kuuza chakula kwenye midomo ya maduara. Aliachia mikono ile polepole.

Kando ya kitanda alisimama Masudi, mwenzake Bujiku wa zamani, amekuja kutoka Nyarugusu na mkate na sukari. Daktari alishasema: uti wa mgongo umevunjika kiunoni, apelekwe hospitali kubwa Mwanza, na familia ijiandae. Bujiku alilala ametazama juu. Shuka lilimfunika mpaka kifuani na halikutikisika kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Sasa," alisema Masudi, "mimi nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nani alimshusha?"

"Mwulizeni mwenyewe, si anaongea?" alisema mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Haulizwi. Kwetu machimboni mtu akiumia, hamtaji aliyemshusha. Kila asubuhi unashuka kwa sababu kuna mtu juu kakwambia shuka, nawe umemwamini. Ukianza kumtaja ukiwa kitandani, imani hiyo imekwisha, na hakuna duara litakalokutaka tena. Aliyemshusha anajitaja mwenyewe. Na akishajitaja, mgonjwa ni wake mpaka apone au azikwe."

Athanas alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Chuma cha kitanda kilikuwa baridi, na alikishika kwa vidole tu kwa sababu ya vidonda. Bujiku aliteremsha macho kutoka kwenye dari, akamtazama. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama vilevile alivyomtazama Ijumaa alipokuwa anapokea pesa, kama mtu anayengoja sentensi imalizike.

Jamani, ilikuwa sentensi fupi. Maneno matatu yangetosha. Athanas aliyahisi kabisa yamefika kooni, na wakati huohuo akaiona nyumba: mabati ya rangi ya udongo aliyokwisha kuyalipia, madirisha sita, sebule ambayo Eunice alishapima kwa hatua mahali pa kuweka kabati.

"Ni mimi," alisema Mwita.

Wote wakageuka.

"Mimi ndiye niliyemwambia. Alhamisi kabla sijaenda Masumbwe nilimwambia aje asafishe shimo, Jumatatu tupange matofali. Kumbe alikuja Jumamosi. Na miti niliiona mimi, nikasema inatosha." Sauti yake kubwa ilikuwa imepasuka. "Ni mimi, Masudi. Nisameheni."

Bujiku alifumba macho. Sesilia hakumtazama Mwita hata kidogo. Aliendelea kumtazama Athanas, dakika nzima, kwa subira ya mtu aliyetega maji ya bomba yanayodondoka, mpaka Athanas akasema anakwenda nje kupiga simu.

* * *

Wiki iliyofuata waliitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Lusia, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliisoma ile karatasi mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Mwita, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, Mama Mwenyekiti."

"Na hivi vibarua wako umewaandikisha popote? Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, bima, chochote?"

Mwita alijaribu kucheka. "Mama, ofisi yangu mimi ni pikipiki ile hapo nje. Nikipata kazi nawapigia simu wanakuja. Wakipata nyingine wanaenda."

"Haya. Na wewe, Athanas, mtu wa mgodini, unayejua mambo haya. Ulimwuliza kabla hujampa kazi?"

"Sikumwuliza. Nilimwandikisha pale kwamba itamhusu."

"Nimeona." Alivua miwani. "Nikwambie ukweli, karatasi hii ni baina yako na Mwita. Bujiku hakuitia sahihi, haimfungi. Akitaka kwenda mahakamani kukudai, Mwita ataitwa na wewe utaitwa. Na kama ingekuwa wewe mwenyewe ndiye uliyempa ile kazi, uso kwa uso, hapo hata mimi nisingekuwa na la kukusaidia. Ungembeba wewe, na ulichonacho ni ile nyumba. Lakini Mwita amekiri kwamba alimtuma yeye. Au siyo hivyo?"

Aliuliza kwa kumtazama Athanas. Nje, mtu alikuwa anagonga bati. Athanas alijichukia, tuseme ukweli, alijichukia sana. Lakini kujichukia hakukumfungua mdomo.

"Ndivyo alivyosema mwenyewe," alijibu.

Ukiyapima maneno hayo, hayana uongo hata chembe. Aliyachagua kwa uangalifu.

Mama Lusia akamgeukia Sesilia. "Mama, nawe una neno?"

Sesilia alisimama, kwa sababu alizoea kusimama mbele ya wakubwa. "Mume wangu amesema nije nisikilize. Nimesikiliza."

Mwita aliandika kwa mkono wake kwamba angebeba gari la kwenda Mwanza, na matibabu, kadiri atakavyoweza. Pikipiki iliuzwa Ijumaa hiyohiyo. Mashine ya zege, aliyokuwa amebakiza kidogo kumaliza deni lake, ilirudi kwa mwenyewe. Hata baada ya hayo alimaliza kazi ya Athanas. Alikuja kwa miguu, akafukia shimo lile lililoporomoka, akachimbisha jingine upande wa pili, futi kumi na mbili, akalijengea matofali mpaka juu, na hakudai hata senti ya kazi iliyorudiwa. Eunice alimpa chai kila siku na kila siku alimwambia Mungu atamwona. Athanas, wakati huo, siku zote alikuwa na jambo la kufanya mjini.

* * *

Walihamia mwezi wa nne, mvua zikielekea kuisha. Paroko aliahidi kuja Jumapili kubariki nyumba. Jumatano asubuhi Athanas alikuwa sebuleni, peku juu ya sakafu mpya, akipiga misumari ya pazia, na Eunice anapanga vikombe kabatini, bodaboda iliposimama kule barabarani. Sesilia alishuka, akamwambia dereva angoje, akaja mpaka mlangoni. Alivua ndala.

"Karibu, Mama, karibu," alisema Eunice. "Kaa hapa. Mzee anaendeleaje?"

"Tulirudi toka Mwanza, yupo nyumbani. Anakaa sasa, ukimwegemeza. Miguu ndiyo hivyo." Hakukaa. "Sikai, Mama Vumilia, nimemwacha peke yake na hajiwezi hata kujigeuza. Mwita alipita juzi kutuaga. Amekwenda Nyarugusu kuchimba. Masudi kampokea, ndiye anayemshusha."

"Mwita? Shimoni? Fundi mzima yule?"

"Alikuwa na deni."

Akafungua fundo la kanga. Zilikuwa noti za elfu kumi, tatu, zimekunjwa kwa urefu. Alizishika kwa mikono miwili akamnyooshea Athanas, akipiga goti kidogo, kama mtu anayemrudishia mkubwa kilicho chake.

"Bujiku kasema zisikae kwake zaidi. Anasema ulimlipa futi nne. Mbili alizichimba, za hizo kachukua, Mwanza zilitusaidia. Hizi ni za mbili zilizobaki. Anaomba radhi hakumaliza kazi." Kisha akaongeza, "Kasema uhesabu."

Athanas hakunyoosha mkono. Sesilia alingoja kidogo, akaona hapokei, akazilaza noti juu ya kabati kando ya vikombe, akazikandamiza kwa kimoja zisipeperuke.

"Wabeja," alishukuru. "Tubaki salama wote."

Akavaa ndala akaondoka.

Eunice alikuwa bado ameshika kikombe. Alikiweka. Alizitazama noti, akatazama viganja vya mumewe, pale makovu mawili yaliponyooka toka upande hadi upande, meupe sasa.

"Mkataba ulisema futi kumi na mbili," alisema. "Futi nne zipi, Baba Vumilia?"

Athanas alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amekaa nalo miezi mitatu.

"Ni mimi niliyemshusha," alisema. "Kamba nilikuwa nayo mimi. Aliniomba mbao nikamnyima."

Ilikuwa imetoka. Alishangaa ilivyokuwa fupi, na jinsi nyumba ilivyobaki imesimama, bati, madirisha, yote. Eunice alishika kabati mpaka vikombe vikagongana. Alipopata sauti haikuwa sauti ya kulia.

"Na mimi nilimpa Mwita chai." Alipumua. "Mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyevunjika mgongo? Kimbia. Hajafika barabarani. Mwambie yeye, kisha twende kwa Mama Lusia, kisha tumfuate Mwita kabla shimo halijamla."

"Watachukua nyumba, Mama Vumilia."

"Kimbia, nimesema!"

Athanas aligeuka. Njia ilikuwa wazi mbele yake, mlango uko wazi, na Sesilia bado anaonekana, anapita kwenye matofali yaliyobaki, anakwenda polepole kama wanavyokwenda watu wasiolala. Ilikuwa hatua arobaini.

"Viatu," alisema. "Viatu vyangu viko wapi?"

Aliviona nyuma ya mlango, viatu vyake vya kazini vyenye chuma mbele. Akakaa kwenye kiti. Akaingiza mguu wa kulia. Kule barabarani bodaboda ikawaka, ikanguruma mara mbili, na Athanas alikuwa bado ameinama anafunga kamba za kiatu cha kwanza, akizivuta tundu baada ya tundu mpaka juu, vizuri, kama walivyofundishwa mgodini.